Seva ya ofisini au wingu? Utaratibu wa kuamua ripoti za biashara yako zikae wapi

"Ninunue seva niiweke ofisini, au nilipie wingu?" Swali hili naletewa na mwenye kinu cha alizeti, na mhasibu wa SACCOS, na mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa ambaye vitabu vyake vimehamia kwenye kompyuta mwaka huu. Nimelijibu mara nyingi kwa mdomo, na jibu la haraka halijawahi kumsaidia mtu. Leo naliandika kwa urefu wake. Seva ni kompyuta inayowaka muda wote kuhifadhi data na kuhudumia kompyuta nyingine; wingu ni kukodi seva za kampuni nyingine na kuzifikia kwa intaneti.

Jambo la kwanza kujua ni kwamba swali hilo limefunga mambo matatu kwenye fundo moja: data inalala wapi, inavutwa kutoka kwenye vyanzo na kusafishwa (kuondoa makosa na marudio) wapi, na ripoti inasomewa wapi. Ukilifungua fundo, kila jambo linaweza kupata jibu lake. Ofisi nyingi nilizosaidia Dodoma na Singida zilitulia baada ya kuacha data na kazi ya kuisafisha palepale ofisini, zikapeleka kwenye wingu zile jumla tu ambazo bosi anazisoma kwenye simu akiwa safarini. Lakini usinakili jibu la jirani. Fuata hatua, halafu uone zinakufikisha wapi.

UWE NA HIVI KABLA YA KUANZA

- Orodha ya kila mahali data yako inapozaliwa: programu ya mauzo, faili za Excel, taarifa za miamala ya simu, mashine ya EFD, daftari la ghalani.
- Ukubwa wa kanzidata yako (hazina ambamo programu inaweka rekodi zake) kwa GB, na inaongezeka kiasi gani kwa mwezi. Kama hujui, mwombe aliyekufungia programu akuonyeshe. Ni kazi ya dakika tano.
- Risiti za LUKU na za intaneti za miezi mitatu iliyopita.
- Daftari la kuandika kila umeme au intaneti inapokatika: tarehe, saa, na muda uliopita hadi huduma kurudi.
- Jina la mtu mmoja atakayewajibika. Usiandike "idara" wala "vijana wa TEHAMA". Andika jina la mtu.
- Ripoti moja ambayo bosi huiulizia kila mara.

Kama hiyo ya mwisho huna, simama kwanza. Nenda kamuulize bosi ni namba gani anaitafuta kila Jumatatu asubuhi. Nimeona mashine za mamilioni zikinunuliwa kabla swali hilo halijaulizwa, na hadi leo zinatumika kufungulia barua pepe.

HATUA 1: Chora njia ya data yako

Chukua karatasi. Upande wa kushoto andika kila chanzo, kulia andika ripoti unayoitaka, katikati chora mishale. Kwenye kila mshale jibu maswali mawili: data hii ni ya siri kiasi gani, na ikichelewa siku moja nani ataumia?

Kwa kinu cha alizeti, mizani ya kupokelea mbegu na programu ya mauzo viko jengo moja. Bei za soko zinakuja kwa simu. Mauzo ya duka la Manyoni yanaletwa kwa Excel kila Ijumaa. Ukishaona hivyo, unagundua kwamba karibu data yote inazaliwa ndani ya uzio mmoja, na bosi hahitaji kuiona sekunde ileile. Asubuhi yake inatosha. Ugunduzi huo peke yake umeshaamua nusu ya jambo.

HATUA 2: Pitia sheria kabla ya bei

Watu huanza na bei, halafu sheria inawarudisha nyuma wakiwa wameshalipa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukikusanya majina, namba za simu au namba za NIDA za wateja, inakuhusu, na unatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi kumewekewa masharti. Vituo vikubwa vya wingu vilivyo karibu nasi viko Afrika Kusini: cha Microsoft kipo Johannesburg tangu 2019, cha Amazon kipo Cape Town tangu 2020, na Google walifungua chao Johannesburg mwaka 2024. Kwa hiyo ukipakia orodha ya wagonjwa au ya wakopaji kwenye mawingu hayo, umesafirisha taarifa nje ya mipaka, hata kama hukuinuka kwenye kiti chako pale Area C.

Taasisi ya umma ina jambo la ziada. Ipo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, ndiyo inayosimamia miradi ya TEHAMA serikalini. Wasiliana nao kabla hujaandika hata zabuni.

Angalizo: sheria haikuambii "usitumie wingu". Mara nyingi tatizo linaisha ukiondoa majina na namba za simu kabla ya kupakia. Bosi anataka kujua mikopo mingapi imechelewa Chamwino na mingapi Bahi, na hesabu hiyo haihitaji jina la mkopaji hata mmoja.

HATUA 3: Pima intaneti ya kupandisha, si ya kushusha

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kasi unayotangaziwa ukinunua bando ni ya kushusha. Wingu linataka upandishe. Pima kasi ya kupandisha asubuhi, mchana na usiku, siku saba mfululizo, uandike kwenye lile daftari. Kisha chukua namba ndogo kuliko zote, maana siku ya kufunga mwezi ndiyo hiyo utakayoipata.

Hesabu yake: GB zako zidisha kwa 8,000, gawanya kwa Mbps (megabiti kwa sekunde) ulizopima. Jibu ni sekunde. Kanzidata ya GB 30 kwa kasi ya Mbps 5 ni sekunde 48,000, yaani saa 13 na dakika 20, kama hakuna kilichokatika katikati. Ukijaribu kuipakia yote kila usiku, kutapambazuka bado inapanda.

Dawa ni kupakia yote mara moja tu, tena mwisho wa wiki, halafu kila usiku upandishe yaliyobadilika peke yake. MB 50 za mauzo ya siku, kwa kasi ileile ya Mbps 5, ni sekunde 80. Ili hilo liwezekane, kila jedwali kwenye kanzidata liwe na safu ya tarehe na saa ya mara ya mwisho kubadilishwa. Muulize aliyekufungia programu kama ipo. Kama haipo, mwombe aiongeze sasa, kabla hujachagua zana yoyote.

Kisha jiulize kuhusu siku mbaya. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti nchini ikazorota kwa siku kadhaa. Ukitokea mkatiko kama huo, duka lako litaweza kuendelea kuuza na kutoa risiti? Kinachouza kisitegemee wingu pekee. Ripoti inaweza kusubiri siku mbili bila mtu kulala njaa, mauzo hayawezi.

HATUA 4: Pima umeme, joto na vumbi

Seva ndogo inayokula wati 250 itatumia uniti 180 kwa mwezi ikiwaka usiku na mchana. Zidisha kwa bei ya uniti unayoiona kwenye risiti zako za LUKU, kisha ongeza kiyoyozi, kwa sababu mitambo hii inapendekezwa ikae kwenye nyuzijoto kati ya 18 na 27. Oktoba ya Dodoma, ndani ya chumba kilichofungwa chenye bati juu, hutaipata hiyo bila kiyoyozi.

UPS, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, haikuwekwa ili ufanye kazi mchana kutwa. Kazi yake ni kukupa dakika za kuizima seva salama au kusubiri jenereta liwake. Unganisha waya wake wa data na seva, weka programu ya kuzima yenyewe betri ikishuka, kisha chomoa umeme ujaribu kwa macho yako. Usiseme ipo mpaka umeiona ikifanya kazi.

Vumbi nalo linaua polepole. Niliwahi kuiweka seva ya mteja kwenye kona ya ghala, karibu na magunia, kwa sababu ndipo kebo ilipofika kirahisi. Kiangazi kimoja kilitosha. Feni zilishika vumbi lililochanganyika na mafuta, joto likapanda, diski mbili zikafa ndani ya wiki moja. Nakala ya akiba ilikuwa kwenye mashine hiyohiyo. Tuliingiza upya mauzo ya miezi minne kutoka kwenye vitabu vya risiti, mimi na mabinti wawili wa mapokezi, Jumamosi kwa Jumamosi. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo siweki seva chumba chenye mlango unaofunguka ghalani.

Kama huna chumba kisafi chenye kiyoyozi na huna mpango wa kukipata, seva ya ofisini imeshajiondoa yenyewe. Ipo njia ya kati: kukodi nafasi kwenye kituo cha data kilicho hapa nchini. Data inabaki Tanzania, umeme na kiyoyozi vinakuwa kazi yao.

HATUA 5: Mtu ni nani?

Seva inahitaji mtu wa kuweka masasisho, kukagua nakala za akiba na kupokea simu Jumapili. Wingu nalo linahitaji mtu: wa kusimamia akaunti, ruhusa na bili. Kazi inabadilika, haiishi.

Angalizo kubwa: akaunti ya wingu ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, na wawepo wasimamizi wawili. Nimeitwa kwenye ofisi ambayo kijana aliyefungua akaunti kwa barua pepe yake binafsi aliondoka, na ripoti za miaka miwili zikaondoka naye. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa amebadilisha simu tu.

HATUA 6: Piga hesabu ya miaka mitatu

Usilinganishe bei ya seva ya leo na bili ya wingu ya mwezi mmoja. Linganisha miaka mitatu kwa miaka mitatu.

Upande wa ofisini: seva, UPS na betri zake (utazibadilisha), kiyoyozi, umeme, diski ya akiba, leseni kama zipo, na sehemu ya mshahara wa yule mtu.

Upande wa wingu: leseni kwa kila mtumiaji, nafasi ya kuhifadhi, intaneti ya pili ya dharura, na kodi. Mfano, Power BI Pro, leseni ya programu ya ripoti ya Microsoft, ni dola 14 kwa mtumiaji kwa mwezi tangu Aprili 2025. Watu sita ni dola 84 kwa mwezi, dola 1,008 kwa mwaka, kabla ya VAT ya asilimia 18. Bili inakuja kwa dola wakati wewe unauza kwa shilingi, hivyo tenga kidogo juu kwa ajili ya siku shilingi inaposhuka.

Ofisi yenye wasomaji wa ripoti watatu wanne, mara nyingi wingu linakuwa nafuu. Wakifika arobaini, na mtu wa TEHAMA mnaye tayari, hesabu huanza kugeuka.

HATUA 7: Sasa jibu maswali matatu, moja moja

Data ilale wapi? Karibu na inapozaliwa. Kama mizani, ghala na ofisi ni uzio mmoja, ibaki humo. Kama una vituo Kondoa, Manyoni na Singida vyote vikiandika kwa wakati mmoja, mahali pa katikati, yaani wingu au kituo cha data cha kukodi, panaleta maana zaidi. Popote utakapochagua, ripoti isisome kanzidata ileile inayouza. Tengeneza nakala ya pembeni kwa ajili ya ripoti, hata kanzidata ya bure ya PostgreSQL kwenye kompyuta nyingine inatosha. La sivyo siku bosi anapofungua ripoti ya mwaka mzima, mstari wa wateja kaunta utasimama.

Ivutwe na kusafishwa wapi? Pale vyanzo vingi vilipo. Vikiwa ofisini, tumia Apache Hop, Pentaho Data Integration, au hati fupi za Python kama una kijana anayeziweza. Vikiwa mtandaoni tayari, kwa mfano fomu za KoboToolbox na duka la mtandaoni, hakuna faida ya kuzishusha Dodoma ili uzipandishe tena. Tumia zana ya wingu kama Azure Data Factory, AWS Glue au Fivetran. Airbyte inakubali pande zote mbili.

Ripoti isomewe wapi? Pale msomaji alipo. Metabase na Apache Superset ni za bure ukizifunga mwenyewe kwenye seva yako. Looker Studio ya Google haina malipo kwa matumizi ya kawaida, ila inaishi kwenye wingu tu. Power BI Desktop ni ya bure nayo, inataka Windows, na ukitaka kuwashirikisha wengine ripoti kwenye wingu ndipo unapolipia. Tableau wana Server ya kufunga kwako na Cloud ya kukodi.

Ukichagua mchanganyiko wa data ofisini na ripoti kwenye wingu la Power BI, utahitaji programu ndogo ya lango inayofungwa kwenye kompyuta ya ofisini. Yenyewe ndiyo inayopiga simu kwenda nje, kwa hiyo huna haja ya kufungua mlango wowote wa kuingilia kwenye ruta. Mtu akikuambia ufungue kanzidata yako kwa dunia nzima ili ripoti ifanye kazi, mkatalie. Wakati wa kufunga lango utaombwa kuweka ufunguo wa kulirejesha. Uandike, uufungie kwenye kabati la ofisi. Ukiupoteza, siku kompyuta hiyo ikifa hutaweza kulihamishia lango hilo kwenye nyingine.

Angalizo kuhusu zana za bure: Talend Open Studio ilitumiwa na wengi kwa miaka, kisha ikasitishwa tarehe 31 Januari 2024. Waliokuwa na kazi zao zote ndani yake ilibidi wahame. Weka kanuni zako za kusafisha data kwa SQL ya kawaida (lugha ya kuulizia kanzidata) kadiri inavyowezekana, maana SQL utaondoka nayo.

HATUA 8: Jaribu kwa mwezi mmoja, kwa ripoti ileile moja

Usihamishe kila kitu. Chukua ile ripoti ya Jumatatu, ijenge kwa njia uliyochagua, iendeshe sambamba na ile ya zamani ya Excel kwa wiki nne. Kila Jumatatu linganisha jumla. Zikitofautiana hata kwa shilingi elfu moja, tafuta sababu kabla ya kuendelea.

HATUA 9: Nakala ya akiba na njia ya kutokea

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kila mwezi rejesha nakala moja kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka. Kwa wingu, kabla ya kulipa, jaribu kuitoa data yako yote nje kwa CSV (faili la maandishi linalofunguka kwenye Excel). Kama utoaji ni mgumu siku ya kwanza, hautakuwa rahisi siku mnapoachana.

IKIKWAMA

Ripoti inaonyesha ya juzi. Kompyuta yenye lango imelala au imezimwa. Ondoa mpangilio wa kulala. Power BI ikishindwa kusasisha mara nne mfululizo huzima ratiba yenyewe, kwa hiyo umeme ukirudi ingia uiwashe tena.

Usasishaji unafanyika saa usiyoitaka. Hapa kuna mtego wetu sisi Waswahili. Mtu anataka saa mbili usiku, anaandika 02:00, nayo ni saa nane usiku. Saa mbili usiku ni 20:00. Ongeza na hili: zana nyingi za wingu zinahesabu kwa saa za UTC (saa za marejeo za dunia), sisi tuko saa tatu mbele. Ukiacha hivyo, mauzo yote ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yataingia siku iliyopita. Weka ukanda wa Afrika Mashariki kwenye ratiba na kwenye ripoti.

Tarehe zimegeuka. 03/04 imesomwa kama Machi badala ya Aprili. Badilisha mpangilio wa lugha wa chanzo uwe wa siku kwanza, au bora zaidi toa faili zenye mfumo wa 2025-04-03.

Jumla imezidi maradufu. Upakiaji ulikatika katikati, ukaanza upya bila kufuta ulichokwisha kuweka. Futa data ya siku hiyo, pakia upya, kisha rekebisha kazi ili kila mara ifute siku husika kabla ya kuipakia.

Metabase imepoteza dashibodi zote baada ya umeme kukatika. Uliiacha na hifadhi yake ya kuanzia, H2, ambayo ni ya majaribio. Hamishia kwenye PostgreSQL kabla ya kuwapa watu wengine.

Ripoti ni nzito kwa wa Singida, nyepesi kwa wa ofisini. Inabeba mistari yote badala ya jumla. Jumlisha kwa siku na kwa kituo kabla ya kuipeleka.

Bili ya wingu imepanda ghafla. Kuna mashine iliachwa ikiwaka baada ya majaribio, au data inatolewa nje mara nyingi kuliko ulivyopanga. Fungua ukurasa wa gharama, panga kwa huduma, uone ipi imeruka. Kisha weka tahadhari ya bajeti inayotuma ujumbe matumizi yakifika nusu ya kiasi ulichopanga, na ujumbe huo uende kwa watu wawili.